Lango la Mawe ya Kukopa

Walisema nitaishia kuanika dagaa. Walisema mtoto wa yule Mkerewe wa mwaloni hamalizi darasa la saba, na nilipomaliza wakasema sekondari itamshinda. Nilipopata stashahada ya ujenzi wakasema karatasi haijengi ukuta. Niliporudi kutoka Dar nikafungua kiwanja cha matofali pale Igoma wakasema tofali ni tofali, jiwe ni kitu kingine. Na siku niliyosimama mbele ya mkutano wa kijiji nikasema nitalisimamisha tena Lango, kwa mawe yale yale, bila kijiko cha saruji, walicheka mpaka mmoja wao akakaa chini. Nilimwangalia vizuri huyo aliyekaa chini. Baadaye alinikopesha mawe.

Nawaandikia watu wa rika langu, sisi tuliokwenda shule na fagio mkono mmoja na dumu la maji mkono wa pili. Ninyi hamtanishangaa nikijisifu. Tulisifiwa na nani wakati ule?

Kilichonirudisha huko ni harufu. Wiki chache zilizopita vijana wangu pale kiwanjani walikuwa wakichonga mawe ya msingi, na jiwe lilipogongwa na jiwe ikatoka ile harufu ya kiberiti kilichowashwa na kuzimwa. Nilikuwa naongea na mteja kwenye simu. Nilimwambia nitampigia baadaye. Nikakaa juu ya rundo la mchanga na suruali yangu safi, nikawa na miaka kumi.

Kilima chetu kiko ng'ambo ya ghuba, ukishuka kivuko cha Kamanga unaendelea na pwani ya ziwa. Juu ya kilima kuna kijiji, chini kuna mwalo, ufukwe wanakotia mitumbwi wavuvi. Katikati yamesimama majabali mawili, kila moja kubwa kuliko nyumba. Watu wa kale, ambao hata babu zetu hawakujua majina yao, waliziba nafasi iliyo kati ya majabali hayo kwa ukuta wa mawe yaliyopangwa bila udongo. Wakaacha mlango mmoja, na juu ya mlango wakalaza jiwe moja refu, limelala kama mtu aliyechoka. Ukuta wote wa ule mji wao ulikwisha kubomoka zamani. Lango peke yake ndilo lililobaki, na kijiji kikaendelea kulitumia.

Lilikuwa na desturi yake. Mgeni wa kupita alipita tu. Lakini mtu aliyekuja kukaa, awe bi harusi, fundi au mjane, alisimama upande wa nje akapiga hodi, akasubiri. Mwenyeji mmoja alimwitikia kutoka ndani, akamtaja ni nani kwake, akampa maji. Tangu hapo aliyeitikia ndiye aliyesimama kwa ajili ya yule mgeni, kwenye shida na kwenye msiba. Asiyeitikiwa alirudi alikotoka, au alizunguka kwa barabara ya magari upande wa pili wa kilima na kuishi kama mtu aliyeingia dirishani.

Baba yangu alikuwa wa kijiji hicho. Alikwenda kuchimba dhahabu, akamwoa mama yangu, Mkerewe, huko huko bila ng'ombe hata mmoja kutolewa, kisha shimo likamfukia. Mama akanishika mkono, akanileta kwa ndugu za baba. Ninachokumbuka ni upindo wa kanga yake uliolowa, na sauti yake ikipiga hodi langoni, na kimya. Kisha sauti ya mwanamume ikasema maneno machache ambayo sikuyaelewa, kwa sababu yalikuwa ya Kisukuma. Ile sauti ilikuwa ya baba mkubwa, kaka yake baba. Mama akageuka. Alinivuta kwa nguvu hadi nikadondosha ndala moja, na hakuniruhusu kuirudia. Tukashuka mwaloni. Alipanga chumba kimoja cha mabati, akaanza kununua dagaa kwa ndoo na kuwaanika kwenye mawe bapa ya ufukweni. Mimi nikaelewa nilivyoelewa: tumekataliwa wote wawili, na mama hakujua kuomba.

Shule ilikuwa juu, ndani ya Lango. Kwa kupita langoni ulikuwa mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Mimi nilizunguka kilima kizima kwa barabara ya magari, nikafika nimechelewa, nikachapwa, nikakaa. Mwalimu hakuwahi kuuliza kwa nini mtoto anayeishi karibu kuliko wote ndiye anayechelewa kuliko wote. Sababu ilikuwa Mayala, mtoto wa baba mkubwa, tuliyekuwa naye darasa moja. Alinieleza mambo yalivyo, kwa sauti ya mtu anayekusaidia.

"Usipite pale. Jiwe la juu linakujua."

"Linanijuaje?"

"Linasikia wanaoitikiwa. Wewe hukuitikiwa. Ukipita, linashuka."

"Na ng'ombe wenu je? Waliitikiwa?"

Mayala alinitazama kwa huruma. "Ng'ombe wana alama."

Nilimwamini kabisa. Nililichunguza lile jiwe kwa mbali, nikaona linadondosha maji hata siku mbili baada ya mvua, nikajua linatema mate linapoona watu wasio wake. Leo na stashahada yangu naweza kukueleza jinsi maji yanavyokaa kwenye nyufa za jiwe na kutoka taratibu. Wakati ule nilikuwa na maelezo bora zaidi.

Basi nikafanya jambo ambalo kwa akili ya mtoto lilikuwa sahihi kabisa. Nilichukua mkaa kwenye jiko la mama, nikajichora kwenye paja alama ya ng'ombe wa baba mkubwa: mstari mmoja uliosimama na pinde mbili zimeugusa. Nilijichora vizuri, tangu zamani mkono wangu ulikuwa wa fundi. Nilikusudia kesho yake nipite langoni nikiwa nimekunja kaptula juu ili jiwe lione.

Mama aliiona jioni ile ile niliponawa miguu. Hakupiga kelele. Alichota mchanga wa ziwani, akauchanganya na sabuni ya mche, akanisugua paja hadi ngozi ikawa nyekundu na nikalia. Mikono yake ilinuka dagaa, macho yake hayakunitazama.

"Nani kakwambia ujichore hii?"

"Ili jiwe linijue."

"Wewe si ng'ombe wa mtu," alisema. "Kesho utapita hapo na paja lako hivi hivi. Likikuangukia nitakuja kulitoa mwenyewe."

Nilipita. Nilikuwa na beseni la dagaa wa mwalimu mkuu kichwani, na mchana ulikuwa mweupe wa jua kati ya mvua na mvua. Watoto walisimama juu ya mawe kuangalia nitakavyokufa. Mayala alikuwa mbele. Nilipofika chini ya lile jiwe refu nilisikia ubaridi wake kwenye utosi, kupitia beseni na dagaa wote. Miguu ilitaka kukimbia, nikaizuia. Nilitembea kama mtu aliyetumwa sukari dukani. Nilitokea upande wa pili, nikageuka, nikarudi tena, nikapita mara nyingine ili wasiseme nilibahatisha. Hakuna mtu aliyenipigia makofi, lakini hakuna pia aliyepata neno la kusema, na kwangu hilo lilitosha.

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima kabla ya siku hiyo, na ikarudi jioni. Kulipokucha Lango lilikuwa chini. Majabali mawili yamesimama kama kawaida, na katikati yake rundo la mawe, na lile refu limelala juu ya rundo bila kuvunjika.

Habari ilifika mwaloni kabla ya mitumbwi kurudi: mtoto wa Mkerewe kaangusha Lango. Wazee walimwita mama juu. Kwa kuwa Lango halikuwepo, tulipita juu ya mawe, tukisaidiana mikono. Baba mkubwa alikuwa amekaa kwenye kigoda, fimbo mapajani.

"Kabla mtoto wako hajapita, Lango lilikuwa limesimama," alisema.

"Kabla hajapita, mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima," mama akajibu.

"Tunaongelea mtoto, hatuongelei mvua."

"Haya, tumwongelee mtoto. Kama mwanangu ana nguvu za kuangusha ukuta kwa kupita chini yake, mpelekeni kwenye barabara ya Sengerema akawapasulie mawe. Mtapata fedha nyingi, shemeji."

Wanawake waliokuwa nyuma walicheka chinichini. Baba mkubwa hakucheka. Alisema yeye si shemeji wa mtu asiyetolewa ng'ombe. Hapo ndipo mimi nikasimama, bila kuulizwa na mtu, nikasema, "Nitalijenga."

"Wewe?"

"Mimi."

"Na lile jiwe la juu utalipandisha na nini? Na ulimi wa mama yako?"

Sasa walicheka wote, na hata aliyenionea huruma alicheka. Nilishuka mwaloni nimeshika kanga ya mama, nasikia kicheko kikitufuata mpaka kwenye mitumbwi. Watu husema kicheko cha namna ile huvunja mtoto. Mimi kilinilisha. Nilikula hicho sekondari nilipokuwa nasoma kwa taa ya karabai ya wavuvi. Nilikula hicho Dar, nilipobeba zege ghorofani mchana na kwenda chuoni jioni na saruji masikioni. Na kila nilipokutana na jiwe zito nilijifunza namna ya kulipandisha.

Mawe ya Lango yakatawanyika. Mwanzoni watu waliogopa kuyagusa, kisha mtu mmoja akahitaji msingi wa choo, mwingine mafiga, mwingine jiwe la kufulia. Ilipopita misimu michache, Lango lilikuwa limeingia majumbani mwa watu. Lile refu la juu lilichukuliwa na baba mkubwa mwenyewe, likavutwa na ng'ombe wake hadi mbele ya nyumba yake, likawa benchi. Alikaa juu yake kila jioni kutazama ziwa.

Niliporudi mtu mzima, nikiwa na mafundi wangu na gari langu, nilikuta mkutano unajadili kupasua mabaki yaliyosalia kuwa kokoto za zahanati. Ndipo niliposema nililosema, wakacheka walivyocheka. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mpole, akauliza, "Fundi, mawe unayo?"

"Mawe mnayo ninyi."

"Si ulete mapya? Kiwanja chako kimejaa."

"Nikijenga kwa mawe mapya nitakuwa nimejenga geti. Mageti nimejenga mengi Igoma. Hapa nataka Lango."

Nilipita nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyekubali kunipa. Lakini, na hili ndilo linalonifanya niwapende watu wetu mpaka leo, hakuna aliyekataa kunikopesha. Waliokuwa wamebeba mawe ya Lango walinikopesha Lango, kwa masharti ya mwenye mali. Mama Shija, aliyekuwa na mafiga matatu kutoka ukutani, alisimama mlangoni na mwiko.

"Nakukopesha, sikupi. Na mimi nitapikia wapi?"

"Nitakuletea mengine, mama."

"Yawe yanalingana. Haya yananijua mkono."

Na ili mawe yasichanganyike, kila mwenye jiwe alilipiga alama ya ng'ombe wake kwa rangi au kwa mkaa, kama vile mawe yangeweza kutoroka na kwenda kula mahindi ya jirani. Walioishi bila ng'ombe walibuni alama siku hiyo hiyo. Mayala, ambaye sasa alikuwa na kitambi na watoto, alinikopesha msingi mzima wa banda lake la mbuzi. Aliposimama kuchora ule mstari na zile pinde mbili, alinitazama paja kwanza, kisha usoni.

"Unakumbuka?" akauliza.

"Nakumbuka."

"Nilikuwa mjinga."

"Ulikuwa na miaka kumi. Shika upande huo, tupakie."

Baba mkubwa alikuwa mzee sana sasa, lakini fimbo ilikuwa ile ile. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinuka kwenye benchi lake.

"Hili nitakukopesha," alisema, "siku mama yako atakapopanda hapa kuniomba."

Nilishuka nikampelekea mama maneno hayo. Alikuwa anageuza dagaa kwa reki. Nilitaka aende. Nasema ukweli, nilitaka. Alikuwa na miguu inayovimba, alikuwa hajaitikiwa na mtu tangu siku ile ya kanga iliyolowa, na nilichokuwa najenga nilikuwa najenga ili apite hapo akiwa hai, aitwe kwa sauti. Kuomba jiwe ni jambo dogo, nilimwambia. Kama siku ile ungeomba kidogo tu.

Reki ikasimama.

"Siku ile ipi?"

"Siku ile walipotukataa."

"Nani alikwambia walitukataa?" Alikaa juu ya jiwe, taratibu. "Wewe walikukubali. Alisema mtoto aingie, mama arudi kwao. Nikageuka."

Utoto wangu wote nilikuwa nimembeba mama yangu kichwani kama mwanamke asiyejua kuomba, kumbe alikuwa mwanamke aliyekataa. Ile ndala niliyodondosha, yule mkono ulionivuta, zile barua za shule zenye jina lake peke yake kwenye nafasi ya mzazi, vyote viligeuka na kukaa upande mwingine.

"Mwambie jiwe lake alilalie," alisema, akachukua reki.

Basi nikajenga bila jiwe la juu. Nilipanga ukuta pande zote mbili, kila jiwe likiuma jingine, nikasimamisha mihimili, nikaacha wazi kama mdomo. Watu walipanda kuangalia wakitafuta mahali pa kucheka, wakasukuma kwa bega, ukuta ukakaa kimya. Aliyewahi kukaa chini kwa kicheko alisukuma mara tatu, akaondoka anajipangusa vumbi.

Aliyetuvusha ni Mayala. Mdogo wake alikuwa anaoa msichana wa Misungwi, na siku ilikuwa imepangwa. Alikaa na baba yake benchi moja, mimi nikiwa nasikia.

"Mzee, bi harusi atapiga hodi wapi?"

"Langoni."

"Lango halina kichwa. Umekikalia."

Baba mkubwa akainuka, akaenda kusimama pembeni ya jiwe lake, akaligusa kwa fimbo. "Nakopesha," alisema. "Sijaombwa, lakini nakopesha. Na nitalipwa jiwe la kukalia."

Nilijaza kifusi kutoka chini hadi kwenye kimo cha mihimili, tukalivuta lile jiwe juu ya magogo ya kuviringisha, vijana wa kijiji kwenye kamba na mimi mbele nikitoa hesabu ya mvuto. Liliingia mahali pake kwa sauti ndogo, kama mtu anayeweka kikombe mezani, na ile harufu ya kiberiti ikapanda. Tulipoondoa kifusi, jiwe likabaki juu. Ulimi wa mama yangu haukuhitajika.

Bi harusi alipita na akaitikiwa. Na leo Lango linafanya kazi kuliko lilivyofanya utotoni mwetu. Walimu wapya wanaopangiwa shule yetu hushuka kwenye pikipiki na mabegi yao, wanapiga hodi wakicheka kwa aibu, na mtu anawaitikia. Muuguzi wa zahanati aliitikiwa na Mama Shija, na sasa hana jioni ya kula peke yake hata akitaka. Bodaboda huzima injini wakasukuma. Watafiti walikuja na kamera zao, wakaniuliza ni fundi gani mtaalamu aliyelirudisha, nikawaonyesha mtu huyo kwa kidole changu kwenye kifua changu.

Ila mama alikuwa bado anaishi chini na kupita barabara ya magari akija kanisani. Hakuwa amepita langoni hata siku moja.

Nililipa madeni taratibu, jiwe kwa jiwe, kutoka machimboni. Mafiga ya Mama Shija aliyakataa mara ya kwanza kwa sababu moja lilikuwa na shavu. Banda la mbuzi la Mayala nililijengea msingi bora kuliko wa nyumba yake. Alama za mkaa zilikuwa zimeshafutika ukutani kwa mvua, lakini kila mtu alijua lake lilipokaa, akilipita analigusa. Mwishoni likabaki moja, benchi la baba mkubwa. Nililichonga kwa mikono yangu mwenyewe, sikumpa kijana yeyote patasi. Siku ya kulipeleka nilimwambia mama kwamba namaliza deni la mwisho. Akajifunga kanga mpya, akavaa viatu, akasema anakuja kuona.

Tulilibeba kwa miti mabegani, vijana wanne na mimi. Yeye alitembea mbele. Alipofika langoni alisimama upande wa nje, na sisi nyuma yake tukasimama na jiwe letu. Ndani nilimwona baba mkubwa amesimama na fimbo, kwa kuwa hakuwa na pa kukaa. Watu walikuwa wengi, wengi kuliko kulipwa kwa jiwe kunavyostahili.

"Hodi," mama alisema. "Nimeleta jiwe la watu."

Hakuna aliyeitikia. Haikuwa haki ya mtu mwingine kuitikia. Mabega yetu yalikuwa yanawaka, na kijana mmoja alinong'ona kwamba tuliweke chini. Nikamwambia asithubutu. Mama hakurudia hodi yake. Alisimama tu pale, mkono mmoja kiunoni kwa ajili ya mgongo wake, anatazama mbele.

Baba mkubwa alitazama jiwe. Akatazama watu. Mwishowe akamtazama yeye, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza.

"Karibu, shemeji," alisema. Akawageukia watu. "Huyu ni shemeji yangu. Mke wa mdogo wangu. Karibu upite."

Mayala alikuwa tayari na kata ya maji. Mama aliipokea, akanywa yote, hakuacha tone la adabu, akairudisha. Akapita chini ya jiwe la juu bila kuinamisha kichwa, tukamfuata na mzigo wetu, akaenda moja kwa moja hadi alipokuwa amesimama baba mkubwa. Sikumsikia akisema asante.

"Liwekwe wapi?" aliuliza.

Baba mkubwa akaonyesha kwa fimbo. Tukaliteremsha. Alikaa, akajisogeza huku na huku, akapapasa ukingo kwa kiganja, akasema hili ni gumu, lile la zamani lilikuwa laini. Nikamwambia lile lilikaliwa miaka mingi, na hili aanze nalo leo. Akasogea upande mmoja, mama akakaa upande wa pili. Mimi nikasimama mbele yao, jasho likinitiririka, sidaiwi na mtu yeyote kijijini hata kokoto.